Kila Mimba Inaanza Upya

Ndugu walimu, wazazi wenzetu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nanyi wanetu wa kidato cha nne mlioketi huku mbele, asanteni kwa kuja.

Leo tunazungumzia urithi wa selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mitaani tunauita sikoseli. Tuanze na karatasi. Mtu akienda kupima hemoglobini yake, anarudishiwa kikaratasi cha maabara chenye jina, umri na tarehe, na mahali fulani chini pameandikwa "Hb" kisha herufi mbili: AA, AS au SS. A ni ya kawaida, S ni ya selimundu: mwenye AA hana S, AS ni mbebaji asiyeugua, SS ni mgonjwa. Wengi hukisoma, wakakikunja, wakakitia kwenye pochi, na habari ikaishia hapo. Leo tunakikunjua. Karibu kila kanuni ya msingi ya urithi ambayo mwanafunzi anafundishwa darasani imo ndani ya herufi hizo mbili, na anayezisoma vibaya hulipia kosa hilo miaka mingi wodini. Kwa hiyo pale watu wanapokosea sana tutakwenda polepole. Kwingine tutapita haraka.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja, maana usipoondoka huu, yote yatakayofuata yatapotea njia. "Mimi ni A, mume wangu ni O, kwa hiyo hatuna shida." Maneno hayo yanasemwa sana, na anayeyasema anachanganya vitu viwili. Kundi la damu, yaani A, B, AB au O, ni habari ya sukari zilizobandikwa juu ya ganda la chembe nyekundu, na jeni yake iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya seli) namba 9. Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe ile, na jeni inayotuhusu leo iko kwenye kromosomu namba 11. Wataalamu walitumia herufi A mara mbili kwa mambo mawili yasiyojuana. Mtu wa kundi O anaweza kuwa AS. Mtu wa kundi A anaweza kuwa SS. Kadi ya uchangiaji damu inayoonyesha kundi lako haikuambii lolote kuhusu selimundu.

Sasa, kwa nini herufi ni mbili? Kwa sababu kila mmoja wetu ana kromosomu 46, nazo zimepangwa kwa jozi 23. Katika kila jozi, moja ilikuja katika yai la mama na ya pili katika mbegu ya baba. Kwa hiyo jeni ya hemoglobini unayo mara mbili: nakala ya mama na nakala ya baba. Herufi ya kwanza na ya pili kwenye karatasi yako ni hizo nakala. Ukiona AS, maana yake mzazi mmoja alikupa A na mwingine alikupa S, na karatasi haisemi ni yupi alitoa ipi.

Tuitazame hiyo S kwa karibu, kwa sababu ni mara chache katika biolojia mtu anaweza kuonyesha kwa kidole mahali penyewe palipobadilika. Jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini, yameandikwa kwa herufi nne za DNA: A, T, G na C. (Naam, hii ni A ya tatu. Tusiichanganye na zile mbili.) Herufi husomwa tatu tatu, na kila tatu hutaja asidi amino moja ya kuunganishwa kwenye mnyororo. Mnyororo wa beta wa hemoglobini una asidi amino 146. Kwa kawaida, mahali pa 6 maelekezo yanasema GAG, na inawekwa asidi ya glutamiki. Katika S, herufi ya katikati imebadilika, GAG imekuwa GTG, na inawekwa valini. Herufi moja tu. Vernon Ingram ndiye aliyeonyesha, huko Cambridge mwaka 1956, kwamba tofauti nzima ya protini hii iko katika asidi amino moja.

Herufi moja inamuumizaje mtu? Asidi ya glutamiki inapatana na maji, valini inayakimbia. Chembe nyekundu inapofika kwenye misuli na kuachia oksijeni, hemoglobini S hutafuta mahali pa kuificha ile valini, na mahali palipo karibu ni kwenye hemoglobini S nyingine. Zinashikana, zinapangana kuwa nyuzi ndefu ngumu, nyuzi zinaisukuma chembe kutoka ndani mpaka inapinda kama mundu. Chembe ya kawaida ni laini, hupita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Hii iliyopinda hukwama, na nyuma yake damu husimama. Hapo ndipo maumivu ya mifupa na kifua yanapotoka, na mtoto mdogo kuvimba vidole vya mikono na miguu. Tena chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, wakati ya mgonjwa wa SS huishi kama siku 10 hadi 20, kwa hiyo uboho hauwezi kwenda na kasi hiyo: damu inapungua, macho yanakuwa ya manjano. Wengu, kiungo kinachochuja vimelea katika damu, huharibika mapema, na ndiyo maana bakteria ambao mtoto mwingine angewashinda kwa homa ya siku mbili wanaweza kumuua huyu kwa siku moja.

Huo ndio ugonjwa. Turudi kwenye namna unavyopita toka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na hapa tunaomba walimu wachukue kalamu.

Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, hufanya mgawanyiko wa pekee uitwao meiosisi, ambao hutenganisha kila jozi ya kromosomu. Yai halipati jozi, linapata moja ya jozi. Mama mwenye AS hatoi "nusu A nusu S". Kila yai lake lina A peke yake au S peke yake, na ni ipi itakayoingia ni bahati tupu, kama shilingi inayorushwa. Kwa baba ni hivyo hivyo.

Chukueni vifuko viwili vya kitambaa kizito visivyoona ndani. Kimoja ni mama, kingine ni baba. Katika kila kimoja tieni shanga mbili tu, moja nyeupe na moja nyekundu. Nyeupe ni A, nyekundu ni S. Hao ni wazazi wawili wa AS. Mwanafunzi mmoja achomoe shanga moja kwenye kifuko cha mama bila kutazama, mwenzake achomoe moja kwenye kifuko cha baba. Shanga mbili zilizo mkononi ni mtoto. Andikeni ubaoni: AA, AS au SS. Rudisheni kila shanga kwenye kifuko chake, tikiseni, chomoeni tena. Fanyeni mara 40.

Kuna mambo mawili yanayoharibu zoezi hili. La kwanza ni dogo: shanga zikitofautiana ukubwa, au mkitumia maharage mkaipaka moja rangi ya kucha, vidole vitaihisi na matokeo yataegemea upande mmoja. Nunueni shanga za saizi moja na aina moja, zinazotofautiana rangi tu.

La pili ndilo lililotufanya tulichague zoezi hili. Wanafunzi husahau kurudisha shanga. Sasa fikirini kinachotokea. Mtoto wa kwanza katoka nyekundu na nyekundu, yaani SS. Kama shanga hazikurudishwa, ndani ya vifuko zimebaki nyeupe tupu, na mtoto wa pili lazima awe AA. Hivyo ndivyo familia nyingi zinavyofikiri. "Daktari alisema mmoja kati ya wanne. Mmoja tumeshampata, watatu waliobaki watakuwa wazima." Ndugu zangu, maneno hayo yamezaa watoto wagonjwa wawili na watatu katika nyumba moja, na waliotoa robo ile kliniki bila kuifafanua wana sehemu yao ya lawama. Shanga hurudi kifukoni. Mama ana nakala zake mbili zile zile baada ya kujifungua kama alivyokuwa nazo kabla. Yai la mwezi ujao halijui nini kilitoka kwenye yai la mwaka jana. Robo ni hatari ya kila mimba peke yake, ya kwanza, ya pili, ya saba. Haiwi kubwa kwa sababu watoto wa mwanzo walikuwa wazima, wala haipungui kwa sababu mmoja ameshaugua.

Sasa tazameni ubao wenu. Katika michomoo 40 mnategemea takriban AA 10, AS 20 na SS 10. Darasa lako likipata SS 7 au 13, hakuna aliyekosea. Hata 5 au 15 si ajabu. Mwalimu asiwarekebishie wanafunzi namba ili zifike 10, maana mtawanyiko huo ndio somo. Kisha igawanyeni ile orodha ya 40 kwa wanne wanne, kwa mfuatano walivyotoka, mpate familia 10 za watoto wanne wanne. Hesabuni ni familia ngapi zina SS mmoja kamili, kama ambavyo watu wanadhani itakuwa. Hesabu inasema: familia isiyo na mgonjwa hata mmoja ina nafasi 81 kati ya 256, yaani asilimia 32 hivi. Yenye mgonjwa mmoja tu, asilimia 42. Yenye wawili au zaidi, asilimia 26. Kwa familia zenu 10 ni kama 3, 4 na 3. Ile familia ya "mmoja kati ya wanne" haifiki hata nusu ya familia zote. Na zile tatu zisizo na mgonjwa huishi mtaani zikiamini kwamba kwao haumo, ilhali baba na mama wote wawili ni AS.

Michanganyiko mingine tuipitie upesi, kwa shanga zile zile. AA na AS: nusu ya nafasi mtoto awe AS, na SS hayupo kabisa. AA na SS: kila mtoto ni AS. AS na SS: nusu AS, nusu SS. SS na SS: wote SS. Jambo la kukumbuka ni kwamba ili mtoto awe SS ni lazima S itoke pande zote mbili. Tena jeni iko kwenye kromosomu 11, si zile za jinsia, kwa hiyo wavulana na wasichana wanaipata sawasawa. Mama mkwe na mawifi wanaosema "ugonjwa huu umeletwa na huyu mwanamke, kwetu haupo" wanasema jambo ambalo haliwezekani. Kama mtoto ni SS, mtoto wao wa kiume naye kachangia nusu kamili.

Lakini inawezekanaje ukoo mzima useme "kwetu haupo" kwa moyo mweupe? Hapo tunafika kwa Gregor Mendel, mtawa wa Brno, aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri kati ya 1856 na 1863. Alipanda njegere za mviringo na zilizokunjamana, akazichanganya, na kizazi cha kwanza chote kikawa cha mviringo. Mkunjo ulitoweka. Alipoiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, mkunjo ulirudi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Karibu tatu kwa moja. Kitu kilichotoweka hakikuwa kimefutika, kilikuwa kimebebwa kimya kimya. Watu hawakulizingatia jambo hilo mpaka mwaka 1900, yeye akiwa ameshafariki.

Njegere inayokunjamana nayo ina sababu yake: jeni ya kimeng'enya kinachojenga wanga imeharibika, sukari inabaki nyingi, mbegu inavuta maji, na ikikauka ngozi inabaki kubwa kuliko kilichomo. Nakala moja nzima inatosha kujenga wanga wa kutosha. Ndiyo siri ya "kufichwa". Nakala nzima inafanya kazi ya wawili, hivyo iliyoharibika haionekani. Vitabu vingine huiita hiyo iliyofichika "jeni dhaifu", na hilo jina tunaliona baya. Haina udhaifu wowote. Inapita kwa mtoto kwa nguvu ile ile ya nusu kwa nusu, haipungui vizazi vikipita, wala "haiishi" kwa kuoa mbali. Iiteni jeni fiche.

Hata hivyo, ufiche wenyewe unategemea unatazama nini, na hapa ndipo karatasi yetu inakuwa mwalimu bora kuliko njegere. Ukimtazama mtu wa AS kwa macho, ni mzima, A imetawala. Ukiitazama damu yake maabara, utakuta hemoglobini za aina zote mbili, S ikiwa kama asilimia 35 hadi 40; hakuna iliyofichwa. Na ukimpeleka palipo na mbu wa malaria, mambo yanageuka kabisa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya huko mwaka 1949. Akaona wabebaji ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache mno kwenye nyanda za juu. Ramani ya S ilikuwa imelala juu ya ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto wa AS anakingwa na malaria hatari. Utafiti wa baadaye Kilifi ulikadiria kwamba hatari ya malaria kali kwa mtoto wa AS inapungua kwa asilimia 90 hivi. Ndiyo maana S haikutoweka kwetu. Katika uchunguzi wa watoto wachanga Uganda uliochapishwa mwaka 2016, asilimia 13.3 walikuwa wabebaji na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Kwa Tanzania, makadirio yanayotumika ni watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka.

Tahadhari moja hapo, na tunaomba wahudumu wa afya waibebe nyumba kwa nyumba: kinga hiyo ni ya AS. Mtoto wa SS hana nafuu hiyo. Malaria inavunja chembe zake ambazo tayari ni chache, na ni miongoni mwa vitu vinavyomuua haraka. Alale kwenye chandarua kila usiku, apewe dawa ya kuzuia malaria kama alivyoelekezwa kliniki, na homa yake isisubiri asubuhi.

Tuje kwenye kipimo chenyewe, maana urithi ukieleweka na kipimo kikasomwa vibaya, kazi ni bure.

Kuna vipimo vya aina mbili. Vile vya haraka vya zamani, cha kuchanganya tone la damu na dawa inayonyonya oksijeni kisha kutazama kwa hadubini kama chembe zinapinda, au cha kuona kama damu inachafuka kwenye mrija, vinajibu swali moja tu: je, S imo? Majibu yake ni "ndiyo" au "hapana". AS atajibiwa ndiyo, SS atajibiwa ndiyo. Karatasi iliyoandikwa "sickling positive" peke yake haikuambii kama mtu ni mbebaji au ni mgonjwa, na watu wazima kabisa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa kwa sababu ya karatasi ya namna hiyo. Kinachotenganisha ni elektroforesisi, au mashine iitwayo HPLC, au siku hizi vipimo vidogo vya papo kwa papo vinavyoonyesha mistari ya A na S kila mmoja peke yake.

Elektroforesisi inapendeza kwa sababu inaonyesha ile herufi moja kwa macho. Hemoglobini huwekwa kwenye utando wenye maji ya alkali, umeme unapitishwa, na protini husafiri kuelekea upande chanya. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi, valini haina. Kwa hiyo S ina chaji hasi pungufu, inavutwa kwa nguvu ndogo, inabaki nyuma ya A. Mtu wa AA ana mstari mmoja mbele. SS ana mstari mmoja nyuma. AS ana yote miwili. Jambo hili ndilo Linus Pauling na wenzake walilolionyesha mwaka 1949, na likawa mara ya kwanza ugonjwa kuonekana ni wa molekuli.

Yanayoharibu majibu ni haya. Damu ya kuongezewa: mtoto wa SS aliyewekewa damu mwezi uliopita anabeba chembe za mchangiaji zenye A, na kipimo kitamsoma kama AS. Subirini walau miezi mitatu hadi minne, chembe za mgeni ziishe, au wapimeni wazazi. Umri: mtoto mchanga ana hemoglobini F, ya tumboni, kwa wingi, na S bado ni kidogo, vile vipimo vya kupinda na kuchafuka vinaweza kusema "hapana" kwa mtoto ambaye ni SS. Ndiyo maana pia dalili hazianzi mpaka miezi mitano au sita, F inapopungua. Mchanga apimwe kwa HPLC, au kwa kipimo kingine kinachotenganisha aina za hemoglobini. Majibu yake huandikwa kwa mpangilio wa wingi: FA ni kawaida, FAS ni mbebaji, FS anachukuliwa kuwa mgonjwa, anaanzishiwa huduma na kurudiwa kipimo kuthibitisha.

Na sampuli ya kisigino: chomeni pembeni mwa kisigino, si katikati, kwa kuwa katikati mfupa uko karibu. Tone moja kubwa lijaze duara la karatasi na lipenye mpaka upande wa pili. Msirundike matone madogo juu ya mengine. Karatasi ilazwe mahali pakavu, kivulini, kwa saa tatu au zaidi kabla ya kutiwa bahasha. Wanaoifunga kwenye plastiki ikiwa mbichi wanaiozesha, na mama anaitwa tena kutoka mbali kwa kosa lisilo lake.

Linabaki jambo zito. Mama ni AS, baba karatasi yake inasema "hana S", mtoto ana ugonjwa. Nyumba ngapi zimevunjika hapo, mwanamke akiitwa mzinzi? Kabla ya neno hilo kutamkwa, kuna maswali ya kujibiwa. Je, baba alipimwa kwa kipimo kamili? Je, mtu yeyote kati yao aliongezewa damu? Na je, baba ana thalasemia ndogo ya beta? Huyo hana S, ila nakala yake moja ya jeni ya beta haifanyi kazi au inafanya kidogo. Mtoto akichukua S kwa mama na nakala hiyo kwa baba, ataugua selimundu, na kwenye elektroforesisi anaweza kuonekana SS kabisa. Hali hii inapatikana kwa watu wenye asili ya Uarabuni na India, na kwa ndugu zetu wa Pwani, Zanzibar na Oman si jambo la kupuuza. Alama yake ni hemoglobini A2, aina ya hemoglobini ambayo kila mtu anayo kidogo tu, iliyopanda juu ya asilimia 3.5 au zaidi kidogo, pamoja na chembe nyekundu ndogo. Mwombeni daktari aipime hiyo A2.

Kuhusu tiba tutasema machache. Mtoto aliyegunduliwa mapema huanza penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku mpaka afike miaka mitano, chanjo zake zinakamilishwa, na dawa iitwayo hydroxyurea humwongezea hemoglobini F, ile ile ya tumboni, ambayo huzuia nyuzi za S zisipangane. Majaribio yaliyofanyika Uganda, Kenya, Angola na Kongo na kuchapishwa mwaka 2019 yalionyesha dawa hiyo ni salama kwa watoto wetu na inapunguza maumivu, malaria na vifo. Watoto wa SS wanakua, wanasoma, wanaoa na kuolewa.

Na kwa sababu wanaoa, hapa kuna swali zuri la mtihani. Mtu wa SS kapandikizwa uboho kutoka kwa nduguye wa AA, akapona. Damu yake ukiipima sasa inasoma AA. Je, watoto wake watapata nini? Watapata S, kila mmoja wao. Uboho hutengeneza damu. Hautengenezi mayai wala mbegu za kiume. Zile zimebaki na nakala mbili za S alizozaliwa nazo. Hali ni hiyo hiyo kwa tiba mpya ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023: hurekebisha seli za uboho za mgonjwa, na urithi hauguswi. Kwa hiyo hata aliyepona, mwenzi wake apimwe.

Tumalizie na ndugu wa mgonjwa, maana wao ndio husahaulika. Binti ni mzima, kaka yake ni SS, baba na mama wote ni AS. Binti huyu anaolewa mwezi ujao. Nafasi yake ya kuwa mbebaji ni ngapi? Wengi watajibu nusu. Lakini tunajua tayari kwamba yeye si SS, kwa hiyo ile robo tunaitoa. Zinabaki nafasi tatu, na mbili kati yake ni AS: theluthi mbili. Mchumba wake hajapimwa, na tuchukulie mahali anapotoka mtu mmoja kati ya 6 ni mbebaji. Hatari ya mtoto wao wa kwanza ni theluthi mbili, mara moja ya sita, mara robo: 1 kati ya 36. Hiyo ndiyo hesabu ya wasiopima. Wakipima wote wawili, mmoja wao akitoka AA na A2 yake ikiwa ya kawaida, hatari ya SS inafutika. Wote wakitoka AS, ni 1 kati ya 4 kwa kila mimba, na wanayo nafasi ya kuliongea kabla ya harusi, wakiwa na muda, na kila mmoja akiwa na karatasi yake mkononi.